Kuchagua boila mpya ya nyumbani Uingereza: pima maji kwanza, kilowati baadaye

Boila, mtambo unaopasha nyumba na maji ya kuogea, ikizimika Januari, mtu hachagui tena. Anapiga simu, anayepokea wa kwanza ndiye anayekuja, anachungulia kabatini, anasema "kilowati 35, kesho asubuhi nakufungia", na mambo yamekwisha. Nyumba nyingi za Uingereza zimepata boila kwa njia hiyo, na wenyewe wanalipia gesi miaka kumi na tano kwa uamuzi wa nusu saa. Kwa hiyo la kwanza ni msimu. Kama boila yako imeanza kusumbua, ishughulikie kati ya Mei na Agosti, mafundi wakiwa na nafasi na familia ikiweza kukaa siku mbili bila hita.

La pili ndilo nitakalolirudia mpaka unichoke: boila haichaguliwi kwa jina la kampuni wala kwa ukubwa wa namba iliyoandikwa usoni pake. Inachaguliwa kwa maji yanayoingia nyumbani kwako na joto linalotoka. Vyote viwili unaweza kuvipima mwenyewe kwa ndoo, saa na mita ya gesi, kabla fundi hajabisha hodi.

Haya ni kwa mwenye nyumba. Kama umepanga, usimnunulie mtu boila. Huku England, sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inamtaka mwenye nyumba ahakikishe hita na maji ya moto vinafanya kazi. Pia kila mwaka lazima alete fundi aliyesajiliwa akague vifaa vyake vya gesi, nawe upewe nakala ya cheti ndani ya siku 28. Mwandikie, tunza ujumbe wako, mzigo ni wake.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji mpya

Muuzaji atakuambia boila mpya "inajilipa yenyewe". Tupige hesabu.

Moshi wa gesi umejaa mvuke wa maji. Boila za zamani ziliutupa nje ukiwa na joto lake lote. Boila za kondensa huupoza moshi mpaka mvuke ugeuke maji, na joto lililokuwa humo likarudi kwenye rejeta, yaani vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba. Tangu mwaka 2005 hizi ndizo zinazotakiwa na kanuni za ujenzi za England na Wales kwa boila mpya za gesi, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kuitambua ni rahisi: ina bomba jembamba la plastiki linalotoka chini kupeleka maji ya mvuke kwenye mfereji, na siku ya baridi bomba lake la moshi hutoa wingu jeupe.

Sasa chukua nyumba ambayo boila yake kuukuu inakula uniti 12,000 za gesi kwa mwaka (uniti moja ni kilowati-saa moja), ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 75. Boila mpya ya asilimia 90 ingetoa joto lilelile kwa uniti 10,000. Umeokoa uniti 2,000. Kwa bei ya karibu peni 6 kwa uniti, hiyo ni pauni 120 kwa mwaka. Kubadilisha boila kwa kawaida hugharimu kati ya pauni 2,000 na 3,500. Gawanya mwenyewe uone ni miaka mingapi. Na hapo tumechukua boila ya kizamani. Kama yako tayari ni ya kondensa, akiba ni ndogo zaidi.

Maana yake, boila inayofanya kazi salama usiitupe kwa ajili ya bili peke yake. Pampu, feni, valvu ya kugawa maji, hata ubao wa umeme vinabadilishika, na kwa boila isiyofika miaka kumi ukarabati mara nyingi ndio wenye busara. Mpya inafaa pale moyo wa boila, yaani sehemu ambayo moto hukutana na maji, unapotoboka. Au spea zisipotengenezwa tena. Au fundi anapoifunga na kubandika onyo kwamba ni hatari. Likibandikwa onyo hilo, usiiwashe, hata usiku wa barafu. Na harufu ya gesi si ya kusubiri fundi: fungua madirisha, usiguse swichi, funga gesi kwenye mita, toka nje upige 0800 111 999.

Hatua ya 2: Pima maji

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Boila inayouzwa zaidi ni ya kombi, inayopasha rejeta na maji ya kuogea kwa mtambo mmoja, bila tangi. Kombi haina akiba. Maji yanapata moto yakiwa yanapita. Aliyewahi kuoga kwa shawa ya umeme ya papo kwa papo Nairobi au Arusha anaijua tabia hiyo: ukifungua koki sana maji yanakuwa vuguvugu, ukiifunga kidogo yanachoma. Kombi ina nguvu mara kadhaa zaidi, lakini kanuni ni ileile.

Nenda jikoni. Koki ya maji baridi ya jikoni kwa kawaida imeungwa moja kwa moja na bomba kuu la mtaa. Weka ndoo ya lita 10, fungua koki mpaka mwisho, tazama saa. Ikijaa kwa sekunde 60, una lita 10 kwa dakika; ikijaa kwa sekunde 40, una lita 15. Rudia saa moja asubuhi siku ya kazi, majirani wakiwa bafuni, maana kipimo cha saa nane mchana hudanganya.

Linganisha sasa. Bomba la Januari huleta maji ya nyuzi 6 hivi, nawe unataka kuoga kwa 41: umepandisha nyuzi 35. Kwa kazi hiyo boila ya kilowati 24 hutoa karibu lita 10 kwa dakika, ya 30 hutoa lita 12, ya 35 hutoa lita 14. Kama koki yako inatoa lita 10, kombi ya 35 haitakupa 14, kwa sababu boila haizalishi maji. Utakuwa umelipia nguvu ambayo bomba lako haliwezi kuitumia.

Maji yakiwa haba, angalia kwanza koki kuu ya kufungia maji, ambayo mara nyingi iko chini ya sinki. Wakati mwingine imefunguliwa nusu tangu siku fundi fulani alipomaliza kazi yake. Nyumba za safu za enzi ya Victoria, zile za Leicester, Manchester na mashariki mwa London walikojaa watu wetu, mara nyingi hugawana bomba moja na jirani, na baadhi bado zina bomba la risasi. Uliza kampuni ya maji. Wakati mwingine pauni elfu moja kwenye bomba jipya zinakupa raha ambayo boila yoyote haiwezi kuleta.

Kisha hesabu watu. Shawa nzuri hutumia lita 8 hadi 10 kwa dakika. Kombi ya 30 inahudumia shawa moja vizuri, na wa pili akifungua maji ghorofani, wa kwanza anapiga kelele. Kwa wazazi na watoto wawili wenye bafu moja, hakuna tatizo. Kwa nyumba yenye bibi, wajomba wawili, mabafu mawili na wageni wa Idi, tatizo lipo.

Kuna jambo jingine ambalo vipeperushi havisemi, na linawahusu Waislamu zaidi. Kombi haiwaki mpaka maji yapite kwa kasi fulani, karibu lita 2 kwa dakika. Anayetawadha kwa kufungua koki kidogo tu, kama alivyofundishwa asiisrafu maji, huenda asipate maji ya moto kabisa. Na akiifungua zaidi, lazima asubiri yale ya baridi yaliyolala bombani yaishe. Zipo kombi zenye hali ya kuweka maji kidogo tayari ndani yake, ambazo hupunguza usumbufu huo kwa kuchoma gesi kidogo mchana na usiku. Kama nyumba ina watu watano wanaotawadha alfajiri mmoja baada ya mwingine, silinda, yaani tangi la kuhifadhi maji ya moto, ni raha zaidi.

Hatua ya 3: Pima joto

Hapa ndipo maneno mengi ya wauzaji huanguka.

Chagua siku ambayo nje ni karibu nyuzi sifuri. Weka thamostati nyuzi 20 kwa saa 24 bila kuizima. Soma mita ya gesi saa mbili asubuhi, soma tena saa mbili ya kesho yake. Kama mita yako inahesabu mita za ujazo, zidisha tofauti kwa 11 upate uniti za kilowati-saa. Ile ya zamani inayohesabu kwa mamia ya futi za ujazo, zidisha kwanza kwa 2.83. Mwenye mita ya kisasa hana haja ya kungoja baridi. Atafute siku za Januari iliyopita kwenye programu ya kampuni yake ya gesi, alimradi siku hiyo hita haikuzimwa.

Tuseme umetumia mita za ujazo 12. Hizo ni uniti 132. Toa 12 za kupikia na kuoga, zibaki 120. Sehemu ilipotea na moshi, kwa hiyo zidisha kwa 0.85 upate 102. Gawa kwa saa 24: nyumba yako ilihitaji kilowati 4 na robo kukaa na joto siku hiyo. Baridi ikishuka nyuzi 3 chini ya sifuri, itahitaji kama 5.

Tano. Si 35, si hata 24. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu vya kulala inaweza kuwa 5, inaweza kuwa 8, na iliyosimama peke yake yenye kuta zisizo na kizuizi cha baridi inaweza kuvuka 10. Kilowati zile nyingi za kombi ni za maji ya kuogea, si za rejeta. Fundi anayekuambia "nyumba yako kubwa, chukua 40" bila kuuliza unaoga wangapi kwa pamoja, hajui anachouza au anajua sana.

Hatua ya 4: Chagua aina

Ukiwa na namba hizo mbili, uamuzi unakuwa mfupi. Bafu moja, maji ya lita 12 kwa dakika au zaidi, watu wanne au pungufu: kombi, kilowati 24 hadi 30. Ni nafuu kufunga na inakuachia kabati.

Mabafu mawili yanayotumika kwa wakati mmoja: boila ya kawaida pamoja na silinda ya maji moto. Kadiria lita 45 kwa kila mtu. Familia ya watu watano itatafuta silinda ya lita 210 hadi 250. Silinda za kisasa hupokea maji ya bomba kuu kwa shinikizo lake, kwa hiyo maji yanatoka kwa nguvu kwenye mabafu yote, ilimradi bomba kuu lenyewe lina nguvu. Kwa kuwa chombo hicho ni cha shinikizo, anayekifunga lazima awe na sifa ya ziada iitwayo G3. Na kwa kuwa boila sasa haipashi maji yanayopita, unaweza kununua ya kilowati 12 au 15 tu.

Nyumba nyingi za zamani bado zina mfumo wa tatu: tangi la maji baridi darini na silinda ya shaba kabatini. Bomba la mtaa likiwa dhaifu na hakuna namna ya kuliongeza, mfumo huo una haki ya kuendelea kuishi. Badilisha boila peke yake, mengine yaache. Ukiubadilisha kuwa kombi, ujue kwamba rejeta zilizozoea shinikizo dogo zitaanza kubeba kama bar 1 na nusu, na kutu iliyokuwa inaziba matundu inaweza kuachia. Fundi mwaminifu atakuambia hilo kabla, si baada ya zulia kulowa.

Usiharakishe kung'oa silinda ili upate kabati la shuka. Pampu ya joto, nitakayoieleza hatua inayofuata, inahitaji silinda, na anayeing'oa leo ataitafutia nafasi tena baadaye kwa gharama.

Hatua ya 5: Ifikirie pampu ya joto kabla ya kusaini

Pampu ya joto hufanya kazi ya jokofu kwa kinyume: huvuta joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani. Kwa kila uniti ya umeme hukupa uniti 3 hivi za joto ikifungwa vizuri. Huku umeme, kwa uniti, ni karibu mara nne ya bei ya gesi. Kwa hiyo kwa bei za kawaida bili inaweza kufanana na ya gesi au kuizidi kidogo. Kwa mpango maalumu wa bei ya umeme, au kwa mwenye paneli za jua, inaweza kushuka.

Kinachobadilisha hesabu ni ruzuku. England na Wales, mpango wa Boiler Upgrade Scheme hutoa pauni 7,500. Fundi mwenye cheti cha MCS, yaani cha wafungaji wa mitambo ya aina hii, ndiye anayeomba na kukukatia kwenye bei; wewe huombi mwenyewe. Scotland ina mpango wake kupitia Home Energy Scotland. Tena kodi ya VAT kwa pampu za joto ni sifuri nchini England, Wales na Scotland mpaka tarehe 31 Machi 2027, wakati boila ya gesi inalipiwa kodi kamili.

Ushauri wangu: kama nyumba inapashwa kwa mafuta ya matangi au kwa hita za umeme, pata kwanza makadirio ya pampu ya joto, na boila iwe ya pili. Kama una gesi ya bomba, nyumba yenye mahitaji ya kilowati 5 hadi 8, nafasi ya silinda na uani pa kuweka mashine, pata makadirio yote mawili uyaweke mezani. Kama unaishi ghorofa ya nne bila roshani na boila imekufa, chukua kombi, usijitese. Hakuna sheria inayokukataza kuweka boila mpya ya gesi katika nyumba ya zamani.

Boila "iliyo tayari kwa hidrojeni" usiilipie senti ya ziada. Majaribio mawili ya kupasha vijiji kwa hidrojeni, Whitby karibu na Ellesmere Port na Redcar, yote yalifutwa mwaka 2023. Vivyo hivyo boila ya umeme mtupu: ni rahisi kununua, bili yake ni ya kutisha, na kwa maoni yangu inafaa chumba kimoja kidogo kisicho na njia nyingine.

Hatua ya 6: Soma karatasi ya boila

Majina makubwa sokoni ni Worcester Bosch, Vaillant, Ideal, Baxi na Viessmann. Zote zinatengeneza boila nzuri, na zote zina boila za bei ya chini ambazo ni za bei ya chini kwa sababu. Mabishano ya misikitini na kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu jina lipi ni bora hayana mwisho na hayana faida. Tazama mambo manne.

Namba ya chini. Kila mtu hutazama kilowati za juu. Wewe uliza boila inaweza kujipunguza mpaka ngapi. Nyumba inayohitaji kilowati 3 siku ya kawaida ya Novemba, ikiwa na boila isiyoshuka chini ya 7, itawaka na kuzimika usiku kucha, ikila gesi na kuchosha spea zake. Kombi ya 24 inayojipunguza mpaka sehemu moja ya kumi hushuka hadi 2.4. Hiyo ndiyo unayoitaka.

Kilowati za hita peke yake. Kwenye kombi nyingi fundi anaweza kuzipunguza bila kugusa nguvu ya maji ya kuogea. Mwambie aziweke karibu na namba uliyopata kwenye mita.

Waranti. Hutofautiana kati ya miaka 5 na 12 hivi, na mara nyingi inategemea fundi aliyeifunga kuwa na makubaliano na kampuni. Masharti ni yaleyale kwa karibu wote: isajiliwe ndani ya muda uliowekwa, na ifanyiwe sevisi kila mwaka. Ukiruka mwaka mmoja, waranti ya miaka kumi inabaki karatasi.

La nne ni kidhibiti. England, tangu Aprili 2018, kombi mpya ya gesi lazima iwe na kidhibiti cha saa na joto pamoja na nyongeza moja kati ya nne zilizotajwa na kanuni. Chagua ile yenye kihisi cha hali ya hewa kinachowekwa nje, ambacho huishusha boila joto lake siku zisizo za baridi sana. Hakina skrini ya kupendeza wala hakizungumzi na simu yako, lakini ndicho kinachopunguza gesi.

Hatua ya 7: Chagua fundi, halafu bei

Boila ya kawaida iliyofungwa vizuri itaishinda boila ghali iliyofungwa ovyo. Kwa hiyo pesa yako ya ziada, kama ipo, mpe fundi.

Anayegusa gesi Uingereza lazima awe amesajiliwa Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Mwombe kitambulisho, kigeuze: nyuma kimeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Mwenye sifa ya majiko pekee haruhusiwi kwenye boila. Namba yake ihakikishe kwenye tovuti yao. Hata awe mtoto wa shangazi yako au mnasali safu moja, kigeuze; asiyesajiliwa anavunja sheria, bima ya nyumba inaweza kukugomea, na gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Kwa mafuta ya tangi, tafuta aliyesajiliwa OFTEC.

Ita watatu, waje nyumbani. Makadirio ya kwenye simu au tovuti ni ya kuanzia tu, kwa sababu hayajaona bomba lako la gesi. Kombi nyingi zinahitaji bomba la milimita 22 kutoka kwenye mita, na nyumba za zamani zina la 15. Kuligundua hilo siku ya kazi ni mamia ya pauni juu ya bei. Waulize: Utapimaje shinikizo la maji? Bomba la gesi linatosha? Utasafishaje mfumo? Bomba la moshi litatokea wapi? Bomba la maji ya mvuke je? Boila itawekwa joto gani? Anayejibu la mwisho kwa kuuliza "unamaanisha nini?" mpe chai, mshukuru, aende zake.

Majibu mazuri yanasikika hivi. Mfumo utasafishwa kwa kemikali au kwa mashine, kisha dawa ya kuzuia kutu na chujio la sumaku vitawekwa. Bomba la moshi litakuwa angalau milimita 300 kutoka dirisha linalofunguka. Bomba la maji ya mvuke litapita ndani ya nyumba. Likilazimika kupita nje, liwe nene na livishwe, maana likiganda, boila inazimika asubuhi ileile unayoihitaji zaidi. Mwenye fleti apate kwanza ruhusa ya mmiliki wa jengo kabla ukuta haujatobolewa.

Bei iandikwe: aina kamili ya boila, kusafisha, chujio, kidhibiti, kuondoa ya zamani, VAT. Mkataba uliotiwa sahihi nyumbani kwako kwa kawaida una siku 14 za kughairi. Ukilipa hata sehemu tu kwa kadi ya mkopo, kazi ikiwa ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, benki inabeba wajibu pamoja na muuzaji. Mikopo ya kulipa kidogo kidogo soma jumla yake, si malipo ya mwezi. Na wanaoepuka riba waulize wazi kama ile "asilimia sifuri" haijafichwa kwenye bei ya boila. Anayepiga simu akisema serikali inakupa boila ya bure, kata simu. Misaada kwa wenye kipato kidogo ipo, ila ianzie kwako: uliza halmashauri yako au tovuti ya serikali.

Hatua ya 8: Siku ya kufunga na wiki zinazofuata

Kubadilisha kombi kwa kombi mahali palepale ni siku moja. Kuhamisha boila au kubadili mfumo ni mbili au tatu. Ondoa vitu kabatini, funika zulia, na usiondoke nyumbani.

Kabla fundi hajafunga sanduku lake, akuonyeshe mambo haya: jinsi ya kuongeza maji kwenye mfumo, na mshale wa shinikizo uwe kati ya bar 1 na 1 na nusu boila ikiwa baridi, rekodi ya ufungaji iitwayo Benchmark ikiwa imejazwa, si tupu, na king'ora cha kaboni monoksaidi, ambacho England tangu Oktoba 2022 lazima kiwekwe boila mpya inapofungwa. Kisha, ndani ya siku 30, yeye ndiye anayeitaarifu Gas Safe, nawe utaletewa cheti cha kufuata kanuni za ujenzi. Kiweke pamoja na hati ya nyumba. Siku ya kuuza, wakili wa mnunuzi atakiuliza.

Linabaki joto la boila. Mafundi wengi huliacha nyuzi 70 au 75, na kwa joto hilo boila ya kondensa hainasi mvuke kama ilivyokusudiwa: maji yanayorudi kutoka rejeta lazima yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Kwa mwenye kombi, shusha joto la rejeta mpaka 60 na la maji ya kuogea mpaka 50. Mwenye silinda awe mwangalifu: maji ya ndani yake yafike 60, kwa sababu ya bakteria wa lejonela, kwa hiyo mwambie fundi atenganishe joto la silinda na la rejeta kama boila inaruhusu.

Rejeta hazitaunguza mkono tena, na nyumba itachukua muda zaidi kupata joto, kwa hiyo iwashe nusu saa mapema. Wiki inayofuata shusha hadi 55. Siku ya baridi, chumba kinachosumbua zaidi kikishindwa kufika nyuzi 19, panda nyuzi 3, ngoja siku mbili, pima tena. Kikifika, acha hapohapo mpaka Machi.